Waliouza Kiwanja cha Jembe

Cimpunda, Jumamosi, saa tisa mchana

Asifiwe mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako amekwenda kutafuta gari la kukupeleka uwanja wa ndege wa Kavumu kesho asubuhi. Nyumba iko kimya. Mambo ya sweta, dawa, na namba za simu za watu wetu wa Lubumbashi utaambiwa na shangazi yako. Yeye anayapenda, na atakuambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na miezi mitano sasa nimeshindwa kulitoa mdomoni. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Miaka yote hii nimeshika chaki, na mkono wangu ni hodari kuliko ulimi.

Tangu ulipoanza kusikia maneno umelisikia jina la Déo humu ndani. Watoto wengine walitishwa kwa zimwi, wewe nilikutisha kwa Déo. Ulipokataa kula, nilisema, "Kula, Déo asifurahi." Ulipopata alama nzuri darasani sikukupongeza kama mama wengine, nilisema, "Vizuri. Siku moja atakuona." Lakini habari yenyewe hujawahi kuipata nzima. Nilikupa nusu iliyokuwa na faida kwangu.

Babu yako, Muzee Cirhuza, alikuwa mwashi. Cimpunda ya ujana wake ilikuwa kama hii ya leo: ukimwaga maji mlangoni pako, yanaingia kwa jirani wa chini. Mpira ulichezwa njiani, na ukikuponyoka unaufuata mpaka kijitoni. Basi yeye na waashi wenzake, pamoja na wachuuzi wa soko la Kadutu na fundi viatu mmoja, wakamwendea chefu wa mtaa kuomba kipande cha mlima ambacho hakuna aliyekitaka, kwa kuwa kilikuwa kimeinama kama paa. Chefu akacheka sana.

"Mukiweza kukalisha huu mulima, iko yenu," akawaambia. Akaandika karatasi, akapiga muhuri.

Waliukalisha. Ilichukua viangazi viwili. Kila Jumapili baada ya misa walipanda na majembe, wakakata udongo wa juu na kuujaza chini, wakauzuia kwa mawe ambayo waashi waliyapanga kama ukuta wa kanisa. Mama zetu walibeba udongo kwa mabeseni. Hata hivyo hakikukaa sawa kabisa. Goli la upande wa chini lilibaki limeshuka kiasi cha goti la mtu, na kila timu ngeni ilitaka kuanza kwa kuteremka. Hawakuhitaji kutafuta jina. Wakajiita Jembe.

Jembe haikuwahi kucheza ligi. Timu za ligi zilikuwa na maprezida wenye magari na wachezaji waliotoka mbali. Sisi tulicheza na maparokia, na mitaa, na wanafunzi, na askari ambao ilibidi kuwafunga kwa adabu. Mara moja walivuka ziwa kwenda kisiwa cha Idjwi kwa boti. Wachezaji saba walitapika njiani, wakafungwa mabao manne, wakarudi kila mtu na mananasi mawili kwapani wakiimba kana kwamba wameshinda. Miaka ya vita kiwanja kilinyamaza, kisha watu waliobaki wakarudi, wakahesabiana, wakacheza tena. Usisikie mtu akikuambia ilikuwa timu ndogo. Jumapili mlima mzima ulikaa pale. Watu waliochumbiana pale leo wana wajukuu.

Mimi nilipomaliza sekondari nikawa sekretere wao, kwa sababu Muzee hakujua Kifaransa na barua za mashindano zilikuja kwa Kifaransa. Niliandika majina ya wachezaji, niliandika ripoti za vikao. Karatasi muhimu, pamoja na ile ya chefu, zilikaa ndani ya kantini, sanduku la bati, nyumbani kwa Ntakwinja, golikipa wetu, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kiwanja. Ntakwinja alikuwa mtu mrefu asiyeongea. Alipookoa penalti hakushangilia. Aliuweka mpira chini, akauangalia, akaupiga.

Na Déo alikuwa kapiteni. Alikuwa yatima. Muzee alimchukua akiwa hajaota ndevu, akamfundisha kujenga, akamlisha mezani petu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa kitu kingine, Asifiwe. Nitakuambia ukweli kwa kuwa leo ni siku ya ukweli: nilimpenda. Baba yako anajua. Nilimpenda vibaya, kama mtu anayetembea akitazama juu.

Wachezaji walipomchagua kuwa prezida wa Jembe, Déo alikuja na wazo moja: tuingie ligi. Muzee hakutaka.

"Sisi tunacheza juu tulilima," alisema. "Atuchezi juu ya karatasi."

Déo hakubishana naye. Alinifuata mimi shuleni, jioni moja nikiwa nasahihisha madaftari.

"Cibalonza, ligue wanaomba ile karatasi ya terrain, ile ya chefu. Na unisainie hizi tatu. Tusimwambie Muzee kwanza. Siku atasikia Jembe kwa redio, atalia ya furaha."

Zilikuwa karatasi tatu za Kifaransa. Ya kwanza niliisoma, ya pili niliipitia. Ya tatu sikuisoma, kwa sababu alikuwa ameshika kalamu akinitazama na kusema kwamba gauni lile la bluu lilinipendeza. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kutosoma swali mpaka mwisho, nilisaini. Kesho yake, Ntakwinja akiwa kazini, nilikwenda kwake nikamwomba mkewe anifungulie kantini. Akanifungulia bila swali, mimi si sekretere? Nikaitoa karatasi ya chefu, nikaificha chini ya kitenge, nikampelekea Déo.

Hapo ndipo kiwanja kilipouzwa. Ile ya tatu ilikuwa ripoti ya kikao ambacho hakikufanyika, kikisema kwamba Jembe imemwachia Déo kiwanja chote kama shukrani. Chini yake, sahihi ya sekretere.

Wiki chache baadaye tulipanda Jumapili tukakuta vigingi vimepigwa kutoka goli hadi goli, na sementi imeshushwa penye alama ya penalti. Wajenzi walikuwa na karatasi zao, zenye jina la Déo kama muuzaji. Déo hakuwepo, alikuwa amehamia Nyalukemba, kwenye nyumba inayotazama ziwa. Muzee alitembea mpaka katikati ya kiwanja, akasimama. Hakutukana. Wajenzi walimzunguka kama watu wanaozunguka jiwe, wakaendelea kupima. Alisimama mpaka jua likamzidi, tukamshika mikono kumshusha nyumbani.

Jioni ile wote wakakusanyika uani kwetu. Muzee akauliza swali moja.

"Nani alitosha karatasi mu kantini?"

Watu wakamgeukia Ntakwinja, mwenye kantini. Mkewe akasimama, akanionyesha kidole. "Ni Cibalonza. Alikuya kuchukua, mi mwenyewe nilimufungulia."

Asifiwe, nilikuwa na nafasi. Kama ningesema "ndiyo" pale, maisha yangu yangekuwa mengine, na yako pia. Baba yangu alinitazama, na uso wake ulikuwa unaniomba nikatae. Nikasema, "Maman, usinitie mu mambo ya bwana yako." Ndivyo nilivyosema. Watu wakamzomea yule mama. Ntakwinja akamshika mkewe mkono wakaondoka. Muzee akaniambia nifute jina la golikipa kwenye daftari la Jembe. Nililifuta kwa rula, mstari ulionyooka kabisa.

Ntakwinja alirushiwa mawe juu ya bati mpaka akahama mtaa. Muzee alifariki kabla mvua hazijaisha, akiamini kwamba golikipa wake ndiye aliyemsaliti.

Yote niliyofanya baada ya hapo, nilimfanyia Déo. Na usidhani nataka kukuambia kwamba kisasi ni kibaya. Sijafika huko. Nilikuwa hodari wa kisasi kuliko nilivyowahi kuwa hodari wa kitu chochote.

Siku ya harusi yake, aliyoifanya kwa magari marefu na maua, niliichukua Jembe nzima, wachezaji kumi na mmoja na wa akiba, wamevaa jezi, kila mmoja na jembe begani. Tuliingia kanisani kimya, tukasimama nyuma. Padri alipouliza kama kuna anayejua kizuizi, kanisa zima liligeuka. Hatukusema neno. Tulisimama tu. Padri akarudia swali. Nikamwona Déo akijaribu kucheka, na bibi harusi akimnong'oneza, "Ni nani hawa?" Mpaka leo nikikosa usingizi naukumbuka uso ule, na nalala.

Kuanzia hapo, kila mwaka kiangazi kinapoanza, tulishuka Nyalukemba na majembe, tukapita mbele ya lango lake polepole, tukarudi. Askari walituuliza, "Mnaandamana?" Tukajibu, "Tunaenda kulima." Alipotaka kiti cha heshima kwenye kamati ya parokia, wamama wa soko walisema, "Ule wa majembe? Hapana." Alipogombea udiwani, vijana walichora jembe juu ya picha zake, kila ukuta. Alishindwa. Nitakudanganya nikisema haikuwa tamu. Nilipika kuku siku ile, na wewe uliuliza ni sikukuu gani.

Jembe yenyewe niliishika isife. Tulicheza kwenye viwanja vya shule, kwa kuomba, saa ambazo wengine hawakuzitaka. Wazee walioshika majembe ya kwanza walikufa mmoja mmoja, wana wao wakavaa jezi. Nilijiambia naishikilia kwa ajili ya Muzee. Kweli ni kwamba nilitaka Déo aendelee kuisikia.

Katikati ya miaka hiyo ulizaliwa wewe, nikakutazama kitandani, na kitu nilichowaza ni hiki: huyu atakuwa avoka, asimame mahakamani. Baba yako aliniambia mara nyingi, "Mama Asifiwe, acha mutoto apumue." Sikukuacha. Ulitaka kusoma muziki, ukajifanya umesahau. Ulikubali sheria, ukapita miaka yote bila kurudia hata mmoja, na siku ulipokula kiapo nililia mbele za watu. Walidhani ni furaha ya mzazi. Nilikuwa naona lango la Nyalukemba likibomolewa.

Ulichukua faili la kiwanja kama kesi yako ya kwanza. Ukaenda ofisi ya ardhi, ukarudi na nakala. Ulikaa kwenye kiti hiki nilichokalia sasa, ukaweka karatasi mbele yangu, ukauliza kwa upole, "Maman, hii signature ni ya nani?"

Sahihi yangu unaijua tangu ulipoanza kuleta matokeo yako nyumbani niyasaini. Ulikuwa unanipa mlango, mwanangu. Nami nikasema, "Ntakwinja aliiga mkono wangu. Mwizi yule."

Ulitikisa kichwa. Ukazikusanya karatasi, ukasema kesi ni ngumu. Mwezi uliofuata ulisema umepata kazi Lubumbashi. Kila anayekuja kukuaga anakuuliza kwa nini mbali hivyo, na wewe unajibu kwamba mshahara ni mzuri. Mimi peke yangu ndani ya nyumba hii najua kwa nini ni mbali hivyo.

Jumatano nilikwenda kumtafuta Ntakwinja. Ni mlinzi wa nyumba moja Nyalukemba, njia mbili tu kutoka kwa Déo. Miaka yote tuliyopita na majembe, lazima alituona. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti. Mkewe alishafariki. Ana mvi kichwa kizima, lakini bado ni mrefu.

"Papa Ntakwinja," nikasema, "ni mimi Cibalonza."

"Naona."

"Nilikuya kuomba musamaha."

"Ya nini?"

Alitaka niseme. Nikasema yote, nimesimama, yeye amekaa: kantini, kitenge, maneno niliyomwambia mkewe. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu redio ya jirani.

"Bibi yangu alikufa banamuita muongo," akasema. "Sokoni, kanisani, kila pahali. We unakuya leo juu ya nini? Juu mutoto yako anaenda?"

"Ndiyo."

"Basi uko unatafuta dawa yako, si yangu. Mi sikusamehe, Cibalonza. Miaka yote ulikuwa unapita hapa na majembe kwenda kwa Déo. Kila mwaka nilikuwa nasema: leo atasimama kwangu. Haukusimama. Déo alitunyang'anya terrain. Weye ulininyang'anya jina. Terrain, mutu anaweza lima ingine."

Nilimuuliza anataka nifanye nini.

"Sema. Si hapa kwa geti. Sema kwenye ulikataa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, sitaficha. Nilimkasirikia yeye. Nilipanda mlima mzima nikijitetea: nilikuwa msichana, nilidanganywa, nimeteseka pia. Karibu na nyumbani pumzi ikaniishia, nikakaa kwenye jiwe kando ya njia, na hapo utetezi wote ukaisha. Nilibaki na sura ya yule mama aliyenifungulia kantini. Alikuwa amenipa na kikombe cha chai siku ile. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Haya ndiyo niliyofanya. Ijumaa niliandika maelezo kwa mkono wangu, kurasa tano, kwa Kifaransa, nikasoma kila mstari kabla ya kusaini: kwamba kikao hakikufanyika, kwamba nilisaini, kwamba nilitoa karatasi ya chefu, kwamba Déo aliniomba na alivyoniambia. Nimempa avoka mwingine, yule bwana mzee mwenye ofisi karibu na posta. Aliyasoma, akavua miwani. Alisema kwamba ushahidi kama huu unaweza kumfikisha Déo mahakamani hata baada ya miaka yote hii, na mimi pamoja naye. Nikamwambia apeleke.

Na leo asubuhi, ulipokuwa kwa shangazi yako ukidhani nimekwenda sokoni, niliita Jembe uani kwetu, wazee wawili waliobaki na vijana wote. Ntakwinja nilimtumia neno; alikuja, akabaki amesimama mlangoni. Nilisema pale pale nilipokataa. Nilimtaja mkewe kwa jina. Mmoja wa wale wazee alitema mate chini akaondoka, na alikuwa na haki. Vijana hawakujua waangalie wapi. Kapiteni wa sasa, ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, aliniomba daftari, nikampa. Kuanzia leo mimi si sekretere tena. Ntakwinja hakunishika mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akashuka.

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Hapana. Najisikia kama mtu aliyeanguka ngazi, anayekagua mifupa. Lakini hasira yangu kwa Déo, hiyo naiona safi kwa mara ya kwanza. Zamani kila nilipomlaani, sauti ndogo iliniuliza, "Na wewe?" Leo haikuuliza. Kama kuna kitu nilichojifunza ambacho kinaweza kukufaa, Asifiwe, ni hicho tu: adui yako usimpe kitu chako cha kuficha, maana atakaa ndani yake bila kulipa kodi. Nilimpiga mtu yule miaka yote kwa fimbo, naye alijua siwezi kuinua panga, kwa sababu panga lilikuwa na makali mawili.

Sasa amejua nimeliinua. Habari Bukavu haihitaji gari. Saa saba mchana huu alinipigia simu, yeye mwenyewe. Sauti yake imezeeka.

"Cibalonza, uko na akili? Ukipeleka ile kitu, na we utaanguka."

"Najua," nikamwambia. "Nitakuangukia juu."

Akakata.

Usirudi kwa ajili ya kesi. Wakikupigia simu kutaka maoni yako, sema wewe ni mtoto tu wa mshtakiwa, huna la kusema. Avoka ninaye. Ukikuta huko Lubumbashi kwaya yenye mwalimu mzuri, au shule ya muziki inayofunguliwa jioni, hilo ni lako na sitauliza. Na siku ukiweza kunipigia simu si kwa sababu ya heshima bali kwa kutaka, nitapokea. Ukikawia, nitaelewa. Ntakwinja amenifundisha kwamba mtu anaweza kukataa kusamehe na bado akaja kusimama mlangoni.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na wenzako. Nitaiweka barua hii ndani ya begi lako chini ya nguo, uipate ukishafika, isije ikakuzuia kuondoka wala kukufukuza.

Nilikutuma tangu hujajua kutembea. Nilikutuma shuleni, nikakutuma chuoni, nikakutuma ofisi ya ardhi, mguu kwa mguu kuelekea lango la mtu mmoja. Nenda, mwanangu. Safari hii sikutumi.

Mama yako,
Cibalonza